Msimu Niliojifunza Kutoa Miba

Jumatatu, 8 Aprili 1957

Daftari hili lilikuwa la mapishi ya kabichi. Kurasa za mwanzo bado ni za kabichi. Kuanzia hapa ni la hasira zangu, maana nikizisema kwa mdomo nyumba hii haitakalika.

Mto umejaa. Theluji ya kaskazini inayeyuka na Connecticut, mto wetu huu, umekuwa rangi ya chai ya maziwa, unabeba magogo, mapipa, leo hata kiti kizima cha kubembea. Mume wangu Ansel ameshinda uani akishona jarife lake, ule wavu mrefu wa mtoni. Lute Babbitt, ambaye amevua naye tangu wakiwa na miaka kumi na sita, ameshinda pembeni akimwambia kuwa mshono ule hauwezi kumzuia hata ng'ombe.

Na mama mkwe wangu, Bi Thirza, amefua pazia la kibanda cha samaki, akalipiga pasi. Nani hupiga pasi pazia la kibanda cha samaki? Amelitundika kati ya meza yake na sisi wengine, kama kila mwaka. Mwaka wa saba huu ninambebea ndoo hadi penye pazia lile, naambiwa "weka hapo", kisha narudi. Shadi ni mtamu kuliko samaki wote wa mto huu, na Mungu kwa makusudi yake akamjaza miba hadi mkiani. Asiyetolewa miba, watu wa mjini hawamtaki hata bure. Anayejua kuitoa, ukingo wetu mzima, ni Bi Thirza peke yake. Aliapa kwa mama yake kwamba kisu kitakwenda kwa binti wa damu tu. Mimi ni damu ya Wapolandi wa mashamba ya tumbaku. Damu yangu inafaa kubeba ndoo.

Alhamisi, 11 Aprili

Mvua. Pazia limefuliwa tena, limekauka ndani, jikoni kwangu.

Jumamosi, 13 Aprili

Kile kichaka cha maua meupe kando ya gati kimechanua. Kikichanua, shadi wamefika kutoka baharini. Lute aliingia jikoni bila kubisha hodi, ameweka tawi sikioni.

"Mpo? Wageni wameshafika mlangoni, nyinyi mnakunywa kahawa?"

"Toa uchafu huo sikioni," Bi Thirza akamwambia. "Unafanana na jeneza."

Lakini alikuwa ametabasamu. Hutabasamu mara moja kwa mwaka, na nadhani mwaka huu ndiyo hiyo.

Jumamosi, 20 Aprili

Samaki arobaini na watatu, majike kumi na tisa. Kufika saa nne asubuhi foleni ilikuwa imepita lango. Mimi nafunga kwenye karatasi na kuuza, yeye yuko nyuma ya pazia. Kinachosikika ni kisu tu, na sauti yake akiimba kwa pua nyimbo za kanisani, ubeti mmoja kwa kila upande wa samaki. Dakika nne, samaki mmoja. Mkono unatokea chini ya pazia na sahani: minofu miwili imekunjwa vizuri, na vifuko viwili vya mayai vilivyoshikana, bila hata tundu la sindano.

Mwanamke mmoja mwenye kofia alichungulia. Kisu kikanyamaza papo hapo.

"Mama," sauti ikatoka ndani, "ukitaka kuangalia kitu, mto uko pale."

Yule mwanamke alinunua samaki watatu kwa aibu. Sikuweza kujizuia kucheka, na nikajichukia kwa kucheka, maana mimi na mwenye kofia tuko upande mmoja wa pazia.

Ijumaa, 26 Aprili

Jambo limetokea.

Bwana Pell, kinyozi, alikuja saa sita akiwa ameshika kikaratasi kilichokunjwa mara nne. Alikifungua juu ya meza yangu. Ndani palikuwa na mwiba, mrefu kama kucha ya kidole kidogo.

"Haukumdhuru mtu," akasema, uso mwekundu. "Mke wangu ameniambia nisije. Ila nikaona... miaka yote hii, Halina. Nikaona afadhali ajue."

Pazia likafunguka. Bi Thirza akautazama ule mwiba. Kisha akachukua jike zima la kilo mbili, akamfungia mwenyewe, akamwekea mikononi.

"Samahani, Pell."

Sijawahi kusikia neno hilo likitoka kinywani mwake. Aliporudi ndani nikaona mkono wake wa kulia. Unatetemeka. Sio uchovu, unatetemeka hata ukiwa umelala juu ya aproni. Nikakumbuka vikombe vitatu vilivyovunjika majira ya baridi, ambavyo alimsingizia paka.

Jumamosi, 27 Aprili

Hakuimba leo.

Alhamisi, 2 Mei

Barua ya Prue imefika kutoka California. Prue ndiye binti wa damu. Bi Thirza alimwandikia mwezi wa pili aje kwa msimu mmoja tu ajifunze. Alisoma amesimama, akanipa mimi nisome, jambo ambalo si kawaida yake. Prue anasema watoto wana shule, na kwamba mama apumzike sasa, siku hizi samaki wako kwenye makopo.

"Kwenye makopo," Bi Thirza akasema.

Jioni Ansel aliniambia pembeni kuwa kiwanda cha kengele kinaandika watu. Mkono wa mama ukishindwa kabisa, kibanda kinafungwa, na mvuvi wa shadi asiye na mtoa miba ni mtu anayelisha paka. Alisema akicheka. Ansel hawezi kukaa ndani ya jengo kwa saa moja bila kufungua dirisha. Nilimwona akilini mwangu amesimama kwenye mstari wa kiwandani akipiga kengele za baiskeli kuanzia asubuhi hadi jioni.

Jumatatu, 6 Mei

Naandika vidole vimevimba, lakini siku hii siwezi kuiacha.

Lute ameumia mgongo. Amelala sakafuni kwake anawatukana watakatifu. Mto umechafuka tena kwa mvua za Jumamosi, na maji yakichafuka hivi shadi hawaoni nyuzi, kwa hiyo jarife linaweza kuingia mchana kweupe badala ya usiku. Siku kama hizo ni mbili tatu kwa msimu. Ansel alisimama mlangoni ananitazama.

"Usiniangalie hivyo," nikamwambia. "Mimi ni mtu wa tumbaku."

"Kasia ni kama jembe."

"Jembe halizami."

Nikaenda. Mercy, binti yetu wa miaka minne, tulimwacha na bibi yake.

Nimeolewa na mvuvi miaka saba bila kumwona akivua. Nyumbani Ansel ni mtu wa kutafuta soksi aliyoivaa. Mtoni ni mtu mwingine. Mimi napiga kasia kuvuka mkondo, yeye amesimama nyuma anaachia jarife mkono kwa mkono, chelezo kimoja cha kuelea baada ya kingine, hakuna kilichojikunja, hakuna kilichogusa ubao. Kisha tukaacha kasia, mto ukatubeba sisi na jarife pamoja, taratibu, upande kwa upande. Alikuwa anasoma kitu ambacho mimi nilikiona kuwa ni maji tu.

"Tukifika usawa wa ghala jekundu, kuna jahazi lililozama enzi za babu. Vuta kushoto. Zaidi. Hapo."

Tukapita. Gogo kubwa kama ng'ombe likaja likielekea katikati ya jarife. Nilipiga yowe. Yeye akalisubiri, akaliwekea ncha ya kasia, akalisukuma kwa ustaarabu kama anayempisha mzee kanisani. Likaenda zake.

Halafu chelezo kikazama. Kingine. Kisha kumi kwa mpigo, vikicheza juu ya maji.

"Wamegonga," akasema, kwa sauti ndogo mno.

Tulipovuta, walikuja kwenye nyuzi wameshikwa kwenye mashavu, wengine wawili wawili, migongo ya kijani, ubavu wa fedha. Ansel anamtoa kila mmoja kwa vidole viwili, hamng'oi, maana shadi anapukutika magamba ukimshika vibaya. Nilijaa magamba hadi kope. Mitumbwi miwili ya ng'ambo ikasimama kutuangalia. Samaki mia na thelathini na wanane. Mashua ilikaa chini hadi nikaogopa kupiga chafya. Nilimwambia ni kazi nzuri kuliko zote nilizopata kuona mtu akifanya, na akaona haya, akaanza kutafuta kofia aliyoivaa.

Tulifika gatini saa tisa. Watu walishasikia, foleni ilikuwa hadi barabarani. Bi Thirza akaingia nyuma ya pazia, nami nikaanza kubeba ndoo. Kisu kikaanza, kikakatika. Kikaanza tena. Sahani ya kwanza ilitoka baada ya dakika kumi na tano, na kifuko kimoja cha mayai kilikuwa kimepasuka. Ya pili haikutoka. Jua la Mei halimsubiri samaki.

Pazia likafunguliwa kidogo.

"Halina. Nawa mikono uingie."

Nilibaki nimeshika ndoo.

"Una masikio au huna?"

"Mama, uliapa."

"Nilimwapia mama yangu, najua nilichoapa. Nitaelewana naye nikimkuta. Yeye hakuachiwa samaki mia na thelathini na wanane wanaoza, na mwana anayetaka kwenda kupiga kengele." Kumbe alijua. "Nawa. Hadi kwenye kiwiko."

Nikaingia.

Siwezi kuandika yote, mengine yako kwenye vidole vyake tu. Kila mnofu una mistari miwili ya miba, nayo haikunyooka, inajipinda kuelekea mkiani na kila samaki ana mpindo wake. Kisu kinapita huku na huku ya mstari bila kugusa ngozi, kisha unavuta, na utepe mzima wa miba unatoka. Mnofu unabaki na kurasa kama kitabu, unazifunga, na hakuna atakayejua uliingia. Bi Thirza hatazami. Hilo ndilo lililonishangaza. Macho yake yako dirishani, kidole cha shahada kinatangulia mbele ya kisu kikipapasa. Mkono mbovu aliukandamiza juu ya wangu, nao ukatetemeka juu ya mkono wangu hadi usiku, na bado ulijua njia. Tuliwatoa miba thelathini na wanne. Waliobaki tuliwatia chumvi na kuwapeleka kwenye moshi. Wateja walisubiri, hakuna aliyelalamika, na Bwana Pell aliwaletea viti kutoka dukani kwake.

Nimemchukia mwanamke huyu miaka saba. Nitaanza upya kesho, leo siwezi.

Jumanne, 7 Mei

Nimeharibu kumi na mmoja.

Jumatano, 8 Mei

Nimeharibu tisa. "Huu si mnofu," akasema, "hiki ni kitambaa cha kudekia."

Ijumaa, 10 Mei

Mvua. Nimeharibu kumi na wawili. Paka amenenepa hadi haruki.

Jumanne, 14 Mei

Nimeharibu watano. Bi Thirza anawauza aliowatoa yeye tu, wachache, polepole, mkono wa kushoto ukiushika wa kulia. Wangu wanakwenda kwenye moshi. Leo aliniambia mama yake alikuwa akimpiga vidole kwa mpini wa kisu kila akiacha mwiba. Alianza akiwa na miaka tisa. Alinionyesha viungo viwili vilivyopinda. Nilidhani ni baridi yabisi.

"Na wewe mbona hunipigi?"

"Una miaka thelathini na moja. Vidole vyako vimeshakauka, nitavivunja bure."

Huo ndio upole wake, nami nimeanza kuuona. Nilikuwa nautafuta mahali usipokuwepo.

Jumamosi, 18 Mei

Lute amerudi mtoni, mgongo umefungwa mkanda wa farasi. Anasema Ansel hamsifii yeye kama alivyonisifia mimi.

Alhamisi, 23 Mei

Mmoja. Bila kosa. Bi Thirza alipitisha dole gumba kutoka mkiani kwenda kichwani, kinyume, jinsi mwiba unavyojitokeza. Akarudia. Kisha akanisukumia mwingine. Nilijisikia kama nimevishwa taji.

Kufikia jioni walikuwa sita. Nikauliza kama kesho nitauza wangu.

"Bado. Hujala kiapo."

"Kiapo gani tena?"

Akanieleza huku akifuta kisu. Mtoa miba hauzi samaki wake kwa mtu mpaka amempa mtoto wake mwenyewe. Mtoto mdogo kuliko wote nyumbani. Mezani, bila kumchambulia kwa uma, bila kupapasa tena, bila kumwambia atafune polepole. Mama yake alifanya hivyo kwake. Yeye alifanya hivyo kwa Ansel, akiwa na miaka mitatu. "Ukiogopa kumpa wako," akasema, "unampaje wa mwenzio?"

Nikamwambia hapana. Nikamwambia mbele ya Ansel, na kwa sauti. Mdogo wangu Bogdan alikwamwa na mwiba mkesha wa Krismasi, ana miaka mitano, mezani kwa mama. Nakumbuka rangi ya midomo yake. Daktari alifika, akapona, lakini hadi leo anaongea kwa sauti iliyokwaruza, na mama yangu hakupika tena samaki hadi anaingia kaburini. Mercy hatakuwa mtihani wa mtu.

Nilitegemea atanijibu kwa ukali. Akavuta kiti, akaketi.

"Hukuniambia habari za Bogdan."

"Hukuniuliza. Miaka saba."

"Sikuuliza," akakubali. Baadaye akasema, "Lakini siwezi kuibadili, Halina. Kiapo cha damu nimekivunja kwa sababu kilikuwa cha kiburi. Hiki si cha kiburi. Hiki ndicho kinachowafanya watu wale bila kufikiri."

Nimekaa na maneno hayo usiku huu wote, na yananiudhi kwa kuwa ya kweli.

Jumatatu, 27 Mei

Hatuongei sana. Tunafanya kazi. Nimetoa miba samaki kumi na wanane, safi wote. Wote kwenye moshi.

Alhamisi, 30 Mei

Mvua, mto umepanda. Karatasi ya kiwanda cha kengele iko chini ya bakuli la sukari. Ansel ameandika jina lake tu.

Jumanne, 4 Juni

Shadi wanaorudi baharini wameanza kuonekana, wamekonda, wameshazaa. Lute anasema labda siku kumi zimebaki. Bi Thirza leo ameshindwa kushika kisu. Kilimtoka mara tatu. Mara ya tatu hakukiokota. Nilikiokota mimi, nikakisafisha, nikaendelea na samaki wake pale alipoishia. Aliniachia. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akiangalia mkono wake kama anayeangalia mbwa mzee. Foleni ilikuwa nje, na hatukuwa na kitu cha kuuza.

Ijumaa, 7 Juni

Nimetoa miba ishirini na wawili. Kila mmoja nimempapasa mara mbili, kinyume. Jioni nikajiuliza: Halina, kuna hata mmoja hapa ambaye usingemla wewe mwenyewe gizani? Nikajibu hakuna. Basi naogopa nini? Naogopa Krismasi ya mwaka 1934. Samaki yule hakutolewa miba na mimi.

Jumapili, 9 Juni

Asubuhi, kabla ya kanisa, nilimchukua jike mmoja kwenye barafu. Nilifunga mlango wa kibanda. Nikatazama dirishani, kidole kikatangulia. Nilivuta tepe nne, nikazilaza mezani, ndefu, nzima, hakuna iliyokatika. Nikapitisha dole gumba mara moja tu. Sikurudia.

Nilimwoka kwa siagi. Mezani tulikuwa wanne: mimi, Ansel, Bi Thirza na Mercy juu ya mto wake wa kiti. Nilimwekea Mercy kipande cha katikati, pale ambapo miba huwa mingi kuliko pote. Ansel alipoelewa, uma wake ulibaki hewani. Sikusema "tafuna polepole". Nilikuwa nimeuma ulimi kwa kweli, ladha ya damu ilikuwa mdomoni.

Mercy akala. Anakula vibaya, kama watoto wote: anajaza mdomo, anaongea, anameza, anacheka. Mimi nilikuwa nahesabu kila alichomeza. Mikono yangu niliikalia.

Na Bi Thirza, ambaye kwa miaka saba hajasema maneno kumi mezani, alianza kuongea. Aliongea habari za kofia ya mke wa mchungaji. Akaongea habari za mabata ya Lute, akasema bei ya lami ni wizi mtupu, akahamia kwenye shangazi yake mmoja wa upande wa baba aliyeolewa na mtengeneza saa, na jinsi saa zote za nyumba ile zilivyokuwa mbovu. Aliongea akitazama bakuli la viazi. Hakumtazama mtoto hata mara moja. Aliongea bila kuvuta pumzi, sauti imepanda kidogo, nami nikashangaa: huyu mama leo ana nini?

Mercy akaweka uma chini. Sahani ilikuwa nyeupe.

"Nataka tena," akasema.

Bi Thirza alikuwa katikati ya shangazi na saa ya tatu. Mdomo ukabaki wazi kidogo, kisha akaanza kupapasa mezani akitafuta leso yake, na leso ilikuwa mapajani.

"Nimesahau," akasema, "nilikuwa nasema nini."

Alijifuta macho, kisha pua, kisha macho tena.

"Mpe mtoto," akaniambia. "Mpe anachotaka."